Kuni Kavu za Makadara

Saa kumi na moja alfajiri, kabla matatu za Jogoo Road hazijaanza kugombania abiria, Makadara tayari ina moto. Nyuma ya vibanda vya Maringo, kwenye vichochoro vya Viwandani, kando ya reli upande wa Makongeni, masufuria makubwa ya githeri yamekwisha kubandikwa. Anayepita hapo akiwahi kibarua hana haja ya kuinama kutazama jikoni ili ajue mpishi amenunua kuni za namna gani. Macho na koo vinamwambia. Pale ambapo moshi ni mzito, mweupe kama maziwa, unatambaa chini na kuwatoa watu machozi, kuni ni mbichi. Hatua chache mbele, sufuria nyingine inatokota, moto ni wa manjano, na juu yake hewa inatetemeka tu. Hizo ndizo kuni zilizokauka.

Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanamhusu mtu anayesimama kati ya mioto hiyo miwili: muuza kuni wa mtaani, mwenye shoka, kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa chumba kimoja, na rundo linalongoja jua.

Wengi watauliza kama mtu huyo bado yupo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu karibu 190,000 katika kaunti ndogo ya Makadara, jijini Nairobi. Sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba katika kila nyumba 100 nchini Kenya, 55 hivi hupikia kuni, na 24 tu hupikia gesi. Nairobi ni kinyume. Hapa gesi ndiyo inayotawala, na mkazi wa Buruburu au Harambee anaweza kumaliza mwaka mzima bila kushika ukuni. Lakini mteja wa muuza kuni si mwenye nyumba anayechemsha chai. Ni mpishi wa biashara: mama wa githeri, kijana wa supu ya mifupa, muuza mahindi ya kuchemsha kituoni, shule ndogo inayopikia watoto mia mbili, kamati ya matanga inayolisha waombolezaji wiki nzima. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiwekwa chini ya sufuria kama hizo, utaisha kabla mwezi haujafika mbali.

Nairobi yenyewe inaongeza kazi. Jiji limeketi zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema. Mombasa yanachemka kwenye nyuzi 100. Makadara yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hata moto ukochewe namna gani, sufuria iliyo wazi haitapanda zaidi ya hapo. Mahindi makavu na maharagwe yanayoiva Pwani kwa saa kadhaa huchukua muda mrefu zaidi huku. Kwa hiyo anayepika githeri Makadara ananunua saa nyingi za moto kila siku, na bei ya saa hizo ndiyo inayoamua kama sahani yake itabaki na faida au la.

Hapo ndipo suala la ukavu linapoingia, na ni suala la pesa kabla halijawa suala la moshi.

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Anayenunua tani moja ya mkaratusi mbichi ananunua kilo 500 za mti na kilo 500 za maji, kisha analipa lori limbebee yote mawili. Kuni hizo zikitiwa jikoni zikiwa bado mbichi, maji hayo sharti yageuke mvuke kwanza, na joto la kuyageuza linatoka kwenye kuni zenyewe. Si joto dogo. Kugeuza maji yanayochemka yawe mvuke kunakula joto zaidi ya mara 5 ya lile lililohitajika kuyatoa kwenye ubaridi wa barafu hadi kuchemka. Ndiyo maana kilo moja ya kuni zilizokauka, zilizobakiwa na maji sehemu moja tu katika tano, hutoa joto linalokaribia maradufu ya lile la kilo moja ya kuni mbichi. Mpishi anayefurahia bei ya chini ya kuni mbichi mara nyingi anapasha moto maji mawili: ya sufuria, na yale yaliyomo ndani ya ukuni.

Mwenye biashara naye ana fumbo lake. Tani ile aliyonunua ikikauka vizuri hubaki kilo 625. Kilo 375 zimepaa angani, na hakuna mtu aliyemlipa kwa ajili yake. Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba alinunua kwa shilingi 10 kila kilo. Zikikauka, kilo hiyohiyo imemgharimu shilingi 16, hata kabla hajahesabu usafiri, kupasua, kodi ya mahali na mlinzi wa usiku. Jirani yake anayeuza kuni zilizoshushwa jana atamshinda kwa bei kila siku. Na kwa kuwa mtaani kuni huuzwa kwa fungu au kwa tita, wala si kwa mizani, jicho la mteja haliwezi kuona tofauti. Fungu bichi na fungu kavu yana ukubwa karibu sawa, kwani mti unapokauka hupungua uzito sana na ukubwa kidogo.

Muuzaji mwaminifu wa kuni kavu hawezi basi kuishi kwa mpita njia. Anaishi kwa wateja wachache wa kudumu, wanaojua kwamba mafungu matatu ya kwake yanaivisha kile ambacho kwingine kinakula matano. Biashara hii ni ya kumbukumbu ya mteja. Wauzaji werevu huanza kwa kumpa mpishi mmoja kuni za siku moja, apike sufuria ileile aliyoipika jana, kisha wahesabu pamoja zilizobaki.

Kinachoua wengi ni muda. Pesa imelala kwenye rundo kwa miezi mitatu, minne, wakati mwingine zaidi, na tumbo halilali. Mfuko wa mikopo wa Hustler Fund, uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ulianza na mkopo wa mtu binafsi unaorudishwa ndani ya siku 14. Kwa mama mboga anayeuza sukuma wiki na kumaliza jioni, siku 14 ni nyingi. Kwa muuza kuni hazitoshi hata kukausha gome. Chama cha akina mama kinachozungusha pesa kwa zamu za mwaka kinaendana zaidi na mwendo wa mti. Wengi huanza kwa kugawa mzigo: theluthi moja inauzwa upesi kwa faida ndogo ili familia ipate kula, na mbili zinawekwa.

Makadara ina uhusiano wa zamani na kuni kuliko wakazi wake wengi wanavyodhani. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na injini za mvuke za miaka ile zilihitaji kuni kwa wingi. Mkaratusi, mti wenye asili ya Australia, uliletwa Kenya mwaka 1902 kwa kusudi hilohilo, ukapandwa ili ulishe gari moshi, kwa sababu hukua haraka na ukikatwa huchipuka tena kwenye kisiki. Makongeni ilijengwa baadaye kuwa makazi ya wafanyakazi wa reli, na treni ya abiria bado husimama stesheni ya Makadara. Anayepasua mkaratusi leo umbali mfupi kutoka kwenye reli hiyo anaendeleza kazi ambayo mti ule uliletwa kuifanya, ila sasa unachemsha maharagwe badala ya kuvuta mabehewa.

Na ng'ambo ya Jogoo Road, kule Kamukunji, tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba. Harakati yao ya kupanda miti, Green Belt Movement, ilikua kutokana na malalamiko ya akina mama wa mashambani, na mojawapo ya malalamiko hayo lilikuwa kwamba kuni zimekuwa za kutafutwa mbali.

Leo kuni halali za Nairobi hutoka hasa kwenye mashamba ya watu binafsi: mikaratusi, migrivilea iliyopandwa mipakani mwa shamba, miwati ya upande wa Limuru. Mnamo Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Marufuku ya siku 90 ikarefushwa mara baada ya mara kwa zaidi ya miaka mitano. Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuiondoa, na haukupita muda mahakama ikasimamisha hatua hiyo. Miti ya shambani haikuwa ndani ya marufuku ile, lakini barabarani kila gogo linafanana na lingine, na mwenye lori asiye na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu hana la kujitetea nalo. Muuzaji wa mtaani anayeona makaratasi si shughuli yake, kwamba ni ya dereva, siku mzigo ukizuiliwa ndiye anayekosa kuni za kuuza wiki nzima.

Ana mshindani mwingine asiyemwona. Viwanda vya majani chai hukausha majani kwa joto la mabwela yanayokula kuni, na vinanunua kwa malori, mwaka mzima, kwa wakulima walewale wa Kiambu na Murang'a. Mtu wa Makadara mwenye uwezo wa pikapu moja hupata zaidi kilichobaki: matawi, vipande vilivyopinda, na mabanzi kutoka kwenye mashine za mbao. Si hasara. Mabanzi ni membamba, hukauka upesi, na yanawasha moto vizuri, ingawa huisha haraka na hayawezi kushikilia sufuria ya githeri peke yake.

Sasa jinsi ya kukausha. Wazee walikuwa na uchaga, lile dari la fito juu ya mafiga ambapo kuni zilipangwa zikaushwe na joto la moto uliokuwa chini. Ndio uliozaa methali ya kuni juu ya uchaga kuzicheka zilizo motoni. Methali hutumiwa kuwaonya watu wenye kiburi, lakini ndani yake kuna ufundi: hakuna aliyetoa ukuni porini na kuutia motoni moja kwa moja. Ulipewa zamu yake juu kwanza.

Katika mtaa wenye nyumba zilizobanana, uchaga wa muuzaji ni mpangilio. Kupasua hufanywa siku mti unapofika, kwa sababu mkaratusi mbichi hupasuka kwa pigo moja au mawili, na ukikauka mzima huwa mgumu kama jiwe na kuvunja mpini. Gome huzuia maji yasitoke, hivyo gogo zima linaweza kukaa miezi na bado ndani likawa na unyevu. Likipasuliwa vipande vya unene wa kifundo cha mkono, maji hupata njia pande zote. Vipande havimwagwi chini kama mchanga. Hupangwa juu ya mawe au mbao, shubiri moja kutoka ardhini, tabaka moja likielekea Jogoo Road na linalofuata likilikata, ili upepo upite katikati. Juu huwekwa bati. Pande zote huachwa wazi. Kosa linalorudiwa sana ni kulifunika rundo zima kwa karatasi la nailoni hadi chini. Mwenyewe anadhani analikinga na mvua, kumbe amelifungia mvuke wake ndani, na baada ya wiki chache ukungu mweupe unachipua kwenye ncha za vipande.

Kujua kama zimekauka, mteja hugonga vipande viwili. Vibichi hutoa sauti nzito, iliyozama. Vikavu vinalia kwa ukali, kama vibao vya kuchezea ngoma. Ncha huwa na nyufa kama jua lililochorwa na mtoto, na gome hubanduka kwa kidole. Hata hivyo mwenye biashara anahitaji ushahidi ulio bora kuliko sikio, na ushahidi huo unagharimu bei ya mizani tu. Anachagua kipande kimoja cha katikati ya rundo, anakitia alama ya chaki, anakipima kila Jumamosi na kuandika. Kitashuka upesi mwanzoni, kisha polepole. Siku kitakapokataa kushuka kwa wiki mbili au tatu mfululizo, rundo liko tayari. Daftari hilo akimwonyesha mpishi, hana haja ya kuapa.

Kuna kuni nyingine Makadara zisizotoka shambani, na hapa muuzaji anashika maisha ya watu mikononi. Eneo la viwanda liko mlangoni. Kila siku hutoka huko mbao za kubebea shehena, masanduku yaliyovunjika, vipande vya plaiwudi, fremu zilizopakwa rangi. Ni kavu, ni rahisi, wakati mwingine ni za bure. Nyingi ni nzuri. Baadhi ni sumu.

Mbao za shehena zilizovuka mipaka ya nchi hupigwa muhuri wenye alama ya suke la ngano na herufi mbili za mwisho. HT maana yake mbao ilipashwa joto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, ili wadudu wafe. MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromidi, na hiyo haifai kukaribia jiko. Nguzo kuukuu za umeme na za ua, zenye rangi ya kijani iliyofifia, nyingi zimetiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki ili zisiliwe na mchwa. Zikichomwa, aseniki inapanda na moshi na inayobaki inakaa kwenye jivu. Mtoto anayecheza karibu na jivu hilo hajui. Mama anayelitumia kusugulia sufuria hajui. Rangi za zamani nazo huweza kuwa na risasi. Plaiwudi ina gundi. Muuzaji anayechanganya vitu hivi na kuni safi ili fungu lijae anafanya uovu, hata kama hakuna askari wa kanjo atakayemkamata kwa ajili yake. Sheria ya rundo ni fupi: kisichojulikana kilikotoka hakiuzwi cha kupikia.

Moshi wa kuni safi nao si wa kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majikoni huua takriban watu milioni 3 kila mwaka duniani. Kuni kavu hupunguza moshi, haziumalizi. Ndiyo sababu muuza kuni anayewajali wateja wake huwauliza pia kuhusu jiko. Fundi wa Shauri Moyo au Kamukunji anaweza kumtengenezea mpishi jiko la kuni lenye kuta za udongo na bomba la moshi, kwa mikono ileile iliyosambaza jiko la makaa la bati lenye udongo ndani, lile lililobuniwa miaka ya 1980 kutokana na jiko la ndoo la Thailand na ambalo sasa limejaa nyumba za Kenya. Mafiga matatu uwanjani yanapeperusha sehemu kubwa ya joto kwa majirani. Jiko lililofungwa linalibana chini ya sufuria. Mteja wa namna hiyo atanunua kuni chache zaidi, ni kweli, lakini atakuwa bado anapika mwaka kesho.

Moto ni hofu nyingine. Juni 2018 soko la Gikomba liliwaka usiku na watu 15 wakafa. Rundo la kuni kavu ukutani mwa nyumba ya mabati linahitaji nafasi ya kupita mtu mzima pande zote, ndoo za mchanga, na kutowashwa jiko lolote karibu nalo, hata la kuchemshia chai ya mwenye rundo.

Je, biashara hii ina miaka mingapi mbele yake? Gesi ilitozwa ushuru wa asilimia 16 kuanzia Julai 2021, mwaka uliofuata ukashushwa hadi asilimia 8, na kila bei ilipopanda wapishi wengine walirudi kwenye kuni. Upande wa pili, mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha Dishi na County, majiko makubwa ya pamoja yanayopelekea shule za umma chakula cha mchana, mtoto akichangia shilingi 5. Kila shule inayoingia humo ni mteja aliyeondoka. Hilo ni jambo jema kwa watoto, na muuza kuni anayesema kweli atakubali. Wateja wake wa kesho ni vibanda, shule ndogo za binafsi, matanga na harusi, na hao wanataka tita dogo, safi, kavu, lililofungwa, linaloletwa kwa mkokoteni kabla ya saa kumi jioni na kulipwa kwa M-Pesa.

Januari na Februari ndiyo miezi ya kufanya kazi. Jua la Nairobi ni kali, hewa ni kavu, na masika yanangoja Machi. Mzigo ulioshushwa baada ya Krismasi unapasuliwa wiki hiyohiyo, bati linainuliwa, mawe yanapangwa upya palipokuwa na matope ya vuli. Kipande chenye alama ya chaki kinapimwa na kuandikwa Jumamosi baada ya Jumamosi, kikishuka upesi, kisha polepole. Kikigoma kushuka, tita la kwanza linakwenda kwa mama wa githeri wa Maringo, ambaye mahindi yake yamelowekwa tangu jioni.